Hisa Moja Kumzidi Wilbert

Kambini Ugalla,
14 Mei 2024

Mdogo wangu Verdiana,

Mimi huku kambini mzima, na kule kijijini nako wote wazima. Mama anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua asubuhi, ila jua likishapanda anajikokota mpaka kwa jirani kusema watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Wifi yako Josefina naye mzima, amelima viazi karibu na kisima na anajisifu kama vile viazi vimeanzia kwake. Na nyie huko Mpanda mnaendeleaje? Shemeji amepona kile kifua? Mpwa wangu Agatha anasoma?

Simu yangu usihangaike kuipiga. Tangu tulipoongea siku ya Pasaka nimeizima, na huku kambini hata ningeiwasha hakuna mtandao. Barua hii nimempa Ambrosi wa bodaboda anayetushushia asali mjini. Ukitaka kunijibu mpe yeye.

Ambrosi huyohuyo ndiye kaniambia umefungua kampuni. Ameona cheti ukutani dukani kwako. Anasema inaitwa Sixte Asali Limited, jina la marehemu baba, na kwenye chupa umebandika alama yake, mwezi mchanga na mikato mitatu. Nilimwambia arudie, nikidhani upepo wa pikipiki umemharibia masikio. Nimefurahi, kwa kweli. Baba kuwa kampuni si jambo dogo, hata kama wenye mizinga yenye alama hiyo tumeipata habari kwa mtu wa bodaboda.

Nina swali la kawaida tu, la gharama. Ulikuwa na jina la biashara, ulikuwa unauza, unakula, unasomesha. Hiyo limited imekugharimu kiasi gani na inakupa nini ambacho hukuwa nacho? Na huyo Wilbert ambaye Ambrosi anasema ni mkurugenzi mwenzako, ndiye yule mdogo wa mumeo aliyekuja kambini mwaka ule akakimbizwa na siafu, au ni Wilbert mwingine?

Nauliza kwa nia njema.

Kaka yako,
Telesphor


Mpanda,
3 Juni 2024

Kaka Telesphor, shikamoo.

Mshikie mama magoti kwa niaba yangu. Namtumia dawa ya kuchua na kilo mbili za sukari, mwambie Josefina asiiweke yote kwenye chai ya wageni. Huku tuko salama. Baba Agatha amepona kifua. Agatha ana mtihani mwezi ujao na amekuwa mkali kama mwalimu mkuu, hatuwashi hata redio.

Umeuliza gharama, nakujibu. Ada ya usajili inategemea mtaji unaouandika, na sisi tuliandika mdogo. Kilichouma ni mwanasheria wa kutengeneza katiba ya kampuni. Halafu kila mwaka lazima upeleke taarifa, uwe na mhasibu wa kufunga hesabu, na hata usipouza chupa moja bado unatakiwa kusema kwamba hukuuza. Jina la biashara halikuwa na mambo hayo. Sikufichi, ni mzigo.

Faida yake ni hii. Kuna mnunuzi Dodoma mwenye maduka makubwa, anataka asali yetu nyeupe, ila hanunui kwa mtu mmojammoja, ananunua kwa kampuni. Pia kampuni ikidaiwa, inadaiwa kampuni. Hawatakuja kubeba kitanda changu wala kuulizia shamba la mama. Na mimi nikifa leo, yenyewe haifi. Jina la biashara ningezikwa nalo.

Mwanasheria alinishauri tuwe wawili. Wilbert ni huyohuyo. Ana hisa thelathini, mimi sabini.

Sasa ombi langu. Ndoo za mrino huu wa kwanza, zile nyeupe za maua ya mti wa mtundu, usimpe mtu. Dodoma wanazihitaji kabla ya mwisho wa Julai. Bei ni ile niliyokutajia Pasaka, na nitaongeza usafiri.

Mdogo wako,
Verdiana


Kambini Ugalla,
22 Juni 2024

Mdogo wangu,

Dawa imefika, goti limesikia. Sukari imekwisha, usiulize. Mama anasema Mungu akuzidishie, na mimi nasema vilevile, maana naona umezidishiwa tayari.

Nimeisoma barua yako mara nyingi hapa kwenye moshi. Nimejaribu kuipima hiyo kampuni kama ninavyopima mzinga. Mzinga naukata kutoka kwenye gome la mti wa muyombo, gharama yake ni jasho langu la siku moja. Nautundika, naondoka. Nyuki wakiingia nakula, wasipoingia haunitumii mtu wa kuniuliza kwa nini hawajaingia. Huo wako unatakiwa kulishwa kila mwaka hata ukiwa mtupu. Mwenye akili zake angeutundika kweli?

Wilbert umenijibu kwa maneno mawili, kwamba ni huyohuyo. Sawa. Nilidhani kuna la kuongeza. Hisa thelathini kwa mtu asiyejua kuwasha bomba la moshi la kufukuzia nyuki, basi siafu walimlipa vizuri. Ukoo wa mumeo walikutolea mahari tukapokea, tukashukuru, hatukujua kwamba asali ya baba ilikuwa imefungwa humohumo.

Kuhusu ndoo, pole. Celestin wa Tabora alipita na gari lake wiki iliyopita akachukua zote. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya yako. Kidogo tu. Lakini yeye hana cheti ukutani, kwa hiyo hana gharama, na alinikuta mwenyewe huku porini akaninywesha soda. Utapata kwingine, Katavi hii haikosi asali.

Msalimie mkurugenzi mwenzako.

Telesphor


Mpanda,
30 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Wote wazima hapa. Agatha amefaulu.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, maneno yaliyokuja yalikuwa ya kumwambia mtu asiyekuwa ndugu yangu. Leo yamepungua kidogo.

Nilinunua asali Litapunga. Wale watu hawana kosa, ni asali nzuri ya kula nyumbani, lakini ni nyeusi na imeshika moshi. Dodoma walifungua chupa tatu, wakarudisha mzigo mzima. Waliniambia kwa upole kwamba walichoonjeshwa mwanzo na walicholetewa ni vitu viwili. Wamenipa nafasi mpaka mrino wa mwakani, baada ya hapo wanatafuta mtu mwingine. Mhasibu amekuja na ankara yake. Wilbert anasema tuifunge kampuni, na hata kuifunga kwenyewe kuna gharama zake.

Josefina alinipigia kwa simu ya mwanamke mwenzake kisimani. Bei ya Celestin haikuwa chini kidogo. Ilikuwa chini kabisa, kaka, na wewe unajua kuhesabu kuliko mimi. Yaani ulijitoa mfukoni ili mimi niumie. Ulitafuta hasara kwa bidii, ukaacha na usafiri niliotaka kukuongezea.

Nakuuliza kitu kimoja, na usinijibu kwa mambo ya gharama. Nimekukosea nini?

Verdiana


Kambini Ugalla,
15 Septemba 2024

Verdiana,

Mama mzima. Josefina mzima pia, ila tumenuniana kwa sababu ya simu ya kisimani.

Umesema nisijibu kwa mambo ya gharama, basi sijibu hivyo. Nina wivu. Ndiyo, mimi, mwanaume mwenye ndevu zenye mvi, nina wivu mpaka asali hainipandi. Andika kwenye vitabu vya kampuni kama kuna mahali pa kuandika.

Ile alama nimeichonga mimi tangu mkono wa baba ulipoanza kutetemeka. Kila mzinga wa kwetu msitu huu, nimepanda nao mimi. Mtu akikuta mzinga wenye mwezi na mikato mitatu hata kama amepotea na njaa inamuua haugusi, kwa sababu anajua ni wa nani. Halafu siku moja naenda dukani Inyonga kununua chumvi naikuta alama yetu kwenye chupa juu ya kabati, na chini yake jina la Wilbert na namba yake ya simu. Ya Wilbert. Muuza duka akaniambia hiyo asali ni ya tajiri mmoja wa Mpanda. Nililipa chumvi yangu nikatoka. Huku kwetu mtu akiweka alama yako kwenye kitu chake anaitwa mwizi, anaitishiwa kikao. Nilifikiri kukuitishia. Kisha nikaona aibu, ningewaambia nini wazee? Kwamba mdogo wangu kaniibia baba?

Hukuniuliza. Hilo ndilo kosa. Ulipohitaji mtu wa pili ulizunguka nyumba ukamwona shemeji yako aliyekaa kwenye kochi, ukanipita mimi niliye juu ya mti.

Kuhusu Celestin, malipo yangu nimeyaona. Ambrosi amekuta asali yangu nyeupe Tabora stendi, imechanganywa na nyeusi kwenye pipa la plastiki, haina alama ya mtu yeyote. Roho iliniuma kuliko ilivyoniuma kule Inyonga. Angalau kwako ilikuwa na jina.

Ukitaka asali yangu mwakani, nataka kuingia. Na nisiingie kwa kupewa chenji. Nataka hisa moja kumzidi Wilbert.

Telesphor


Mpanda,
6 Oktoba 2024

Kaka Telesphor, shikamoo.

Nimecheka na nimelia, na baba Agatha ameniuliza barua gani hiyo inayofanya vyote viwili. Nimemwambia ni ya kaka.

Umesema ukweli wako, na mimi nina wangu. Sikukuuliza kwa sababu sikutaka. Nilikuwa na uwezo wa kukuuliza, Ambrosi alikuwepo, barabara ilikuwepo. Wilbert alijua kuingiza yale maombi kwenye kompyuta na alichangia nusu ya malipo ya mwanasheria, hiyo ni kweli, lakini hata asingechangia ningemchagua. Kwa Wilbert mimi ni mkurugenzi. Kwako ningekuwa mdogo wako.

Unadhani ni wewe peke yako mwenye wivu? Nimekuonea wivu tangu sijaota meno ya mbele. Mlikuwa mnaondoka na baba na unga wenu na kamba, mimi nabaki nasaga. Mkirudi mnanuka moshi, mnaongea habari za miti kama vile mmetoka Ulaya. Nilipomwomba baba nifuate, hata kubeba maji, alisema mwanamke akifika kambini nyuki wanahama. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, ukacheka. Asali nimeiuza miaka yote hii, nimeivalisha chupa nzuri, naweza kuitofautisha kwa kuinusa tu, na sijawahi kuuona mzinga wa baba ukiwa juu ya mti.

Mhasibu ananiuliza kama kampuni ililipa. Ukipiga hesabu za kwenye karatasi, mwaka huu ilinila. Jina la biashara lingetosha bado mwaka mmoja au miwili, Dodoma ningewabembeleza. Nilikitaka kile cheti. Nilitaka kitu ambacho mimi ndiye ninayesema nani aingie na nani abaki nyumbani. Sasa nakuona unabisha hodi, na haijanifurahisha kama nilivyodhani.

Hisa moja kumzidi Wilbert ina maana upate thelathini na moja. Wilbert hapunguzi zake, kwa hiyo zitoke kwangu, nibaki na thelathini na tisa. Sikiliza vizuri gharama yake. Leo nikisema neno limekwisha. Siku hiyo wewe na Wilbert mkikaa upande mmoja mnaweza kunitoa kwenye kampuni niliyoianzisha. Mwanasheria amejishika kichwa, anasema nisifanye.

Nitafanya, kwa sharti moja. Unipeleke kambini. Nitundike mzinga wangu, kwa mkono wangu, wenye alama ya baba.

Mdogo wako,
Verdiana


Kambini Ugalla,
19 Oktoba 2024

Verdiana,

Hatujambo. Mama ameisikia habari yako, amesema mwende wote mkaumwe.

Mimi na Wilbert upande mmoja? Mwambie mwanasheria wako alale usingizi.

Hilo sharti ni zito, na nitakwambia uzito wake. Mzee Benedikto, aliyekuwa anarina na baba, amesema ukikanyaga hapa yeye anahamisha vyungu vyake. Wenzangu watanicheka mpaka mrino ujao. Lakini hayo ningeyabeba. Gharama yenyewe iko hapa: msitu ndio kitu pekee nilichonacho ambacho wewe huna. Una duka, una cheti, mwanao anafaulu, mumeo anakohoa unampeleka hospitali kwa gari. Mimi nilikuwa nakaa hapa jioni najiambia, lakini huku hafiki. Sasa unataka na hapa.

Ilinichukua siku nyingi kukubali kuandika mstari unaofuata. Njoo mwanzo wa mwezi, kabla mvua hazijakata njia. Vaa suruali na buti za mpira, na usijipake mafuta ya kunukia. Gome nitakukatia, kuchonga alama utachonga mwenyewe.

Telesphor


Mpanda,
17 Novemba 2024

Kaka, shikamoo.

Nimefika salama, uso umevimba upande mmoja na wateja wananiuliza nani kanipiga. Nawaambia nimetoka kazini.

Msalimie mzee Benedikto. Najua hakuhamisha vyungu, nilimwona amekaa mbali akinichungulia nikipanda. Mwambie wali aliokataa kula mchana ule nilimwachia Josefina nilipopita kijijini, na nimesikia umeliwa. Na wewe asante kwa kunyamaza nilipoteleza kwenye ule mti. Nilikuona ukijizuia kucheka.

Nimetuma na Ambrosi hati za kuhamisha hisa. Kuna ada zake na kodi yake, nimeshalipa. Mimi nimesaini. Mahali pako nimetia alama ya penseli. Zikirudi na sahihi, wewe ni mwenye kampuni. Zisiporudi mpaka mwaka mpya, nitaelewa kwamba hukutaka hisa, ulitaka tu niombe. Wilbert amekasirika, hataki kuniambia, anafunga milango kwa nguvu. Naye sasa ana wivu na wewe. Nilidhani ungependa kulijua hilo.

Verdiana


Kambini Ugalla,
11 Januari 2025

Mdogo wangu Verdiana,

Heri ya mwaka mpya. Mama mzima, goti limemwachia kidogo. Josefina tunaongea. Mvua zilifunga njia, Ambrosi alikwama kule Krismasi yote, ndiyo sababu hati zimekaa kwangu. Hiyo ni sababu moja. Nyingine nakueleza.

Kabla ya Krismasi nilizunguka kuangalia ile mizinga minne tuliyotundika siku moja, mitatu yangu na mmoja wako. Yangu mitatu ni mitupu. Mmoja una mjusi. Wako umejaa, mdogo wangu. Nilisikia mvumo kabla sijaufikia mti. Wanaingia na kutoka kama watu wa mnadani. Nimetundika mizinga msitu huu tangu sijaoa, na nyuki wakaenda kwa mtu aliyekuja na buti mpya siku moja.

Nilikaa chini nikakasirika kweli. Nikafikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Alama ni moja, ya baba, kwako na kwangu. Hakuna mtu angejua upi ni upi. Ningesema wako ndio wenye mjusi, na wewe uko Mpanda, ungesikitika kidogo ukasahau. Nilishaanza hata kuupanga huo uongo, na hati zako zilikuwa humo mfukoni, kwenye nailoni zisilowe.

Mzee Benedikto akapita. Naye alisikia ule mvumo, akasimama, akaangalia juu. Akaniuliza, "Telesphor, huo unaolia vizuri hivyo ni wa kwako au ni wa yule mwanamke?"

Nikamwambia, "Wa kampuni."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilibaki pale nikijisikiliza, maana sikuwa nimelipanga hilo neno. Lakini lilikuwa kweli, na kwa mara ya kwanza nikaona ulichokuwa umelipia. Ukiwa wa kwako, naumia. Ukiwa wangu, nimeiba. Ukiwa wa kampuni, naweza kuulinda.

Hati hizi hapa. Sahihi imepinda kwa sababu nilisainia juu ya mfuniko wa ndoo. Mrino ukifika ndoo zote nyeupe ni za Dodoma, na namba ya simu kwenye chupa muweke ya kwako. Celestin nimemwambia apitie njia nyingine.

Usidhani wivu umeisha. Bado ninao, nimesaini nao hivyohivyo.

Kaka yako,
Telesphor